Nyumba Hii Hai

Hasira haina rula. Mchora mabango yule aliandika majina ya maduka yote ya mtaa, na hakuna herufi yake hata moja iliyowahi kupinda. Lakini siku aliyoamua kuandika kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, alianza na herufi kubwa kupita kiasi. Asubuhi hiyo alikuwa amemfukuza nduguye mlangoni, ndugu aliyekuja na mnunuzi mkononi kama mtu aliyeshika kuku. Akapanda ngazi huku bado anatetemeka, akaandika NYUMBA HII HAI, na hapo ukuta ukamwishia. Mtu mwingine angefuta aanze upya. Yeye alishuka, akahamisha ngazi, akazunguka kona, akamalizia upande wa pili: UZWI.

Basi ikawa hivyo. Aliyekuja kwa barabara kubwa alisoma kwamba nyumba hii hai, akaipongeza moyoni kwa afya yake njema. Aliyekuja kwa kichochoro alisoma UZWI, akauliza huyo Uzwi ni nani na anauza nini. Na kwa kuwa chini ya neno hilo, barazani, alikaa binti wa mchora mabango na cherehani yake, watu wakaona wameshajibiwa. Uzwi akawa yeye. Jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye cheti, na vyeti vinajulikana, havina kazi mpaka siku ya msiba.

Sasa baba mwenyewe alikuwa amebaki picha sebuleni, amevaa tai ya kuazima, ndani ya fremu ya mbao iliyoliwa na mchwa pembeni. Uzwi alikuwa amevuka miaka arobaini. Aliwahi kuolewa, aliondoka na cherehani akarudi na cherehani, mengine yote akamwachia mume. Mama alikuwa kitandani hapo sebuleni, mguu mmoja umegoma tangu alipoteleza bafuni. Na mtaa ulikuwa umepatwa na ugonjwa wa kupendwa.

Ulianza pole pole. Kwanza likaja duka la baiskeli ambamo baiskeli hazikanyagi chini, zinaning'inia ukutani kama nguo za marehemu. Halafu kinyozi ambaye huwezi kunyolewa bila miadi. Halafu vijana wa kunywa kahawa kwenye chupa za jamu, na bei ya chupa moja ingemtosha Uzwi kununua uzi wa mwezi. Hao vijana walimletea kazi, hilo tusilikane. Walimletea suruali nzima, mpya, wakamwomba azichane magotini. Yeye aliyezeeka akiziba matundu akawa anayatoboa, na akilipwa anashukuru huku anawaombea Mungu awaponye.

*

Kaka yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mkubwa, alikuja Jumapili moja akiwa na mkewe na dalali. Dalali alikuwa mtu mwembamba mwenye simu mbili na tabasamu moja analolitumia kote.

"Mama," alianza Mkubwa akivuta kiti, "mguu wako uko ukutani."

Mama akageuka akautazama ukuta. "Wangu huu hapa. Ndio maana unaniuma."

"Nasema pesa ya mguu, Mama. Pesa ya kukupasua."

Dalali akaingilia kwa adabu. "Bi mkubwa, hii mnayoiona si nyumba. Hii ni kona. Ukiuza nyumba utapata hela ya nyumba. Ukiuza kona…" akapiga mluzi, halafu akakumbuka yuko mbele ya mgonjwa, akaumeza.

"Kwa hiyo watoto wangu nimewazalia kwenye kona?"

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Makubwa haya," alisema Mama.

Mke wa Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kifuani, asije akaguswa na kitu. Akamtazama Uzwi aliyekuwa anapindia nguo chini. "Na wewe wifi utapumzika sasa. Kila nikipita nakuona hapo barazani kama mzigo uliosahauliwa kituoni."

Uzwi hakuinua kichwa. "Huo mzigo ndio uliokushonea gauni la harusi, wifi. Mwenye mzigo bado anasubiri ulipie."

Mkubwa akakohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kupita katikati ya mke na dada.

Nje, vijana wawili walikuwa wanapigana picha mbele ya maandishi, mmoja amenyanyua mguu mmoja kama korongo. Mama akasema, "Nitakubali. Lakini nina sharti moja, na nalisema mbele ya baba yenu." Akaelekeza kidevu kwenye picha. "Huyu dada yenu apate fremu. Si kibanda. Fremu ya duka, chumba chenye mlango wa barabarani na kufuli lake. Mimi nimelishwa na mkono wa huyu. Nyinyi mlikuwa mnakuja na matunda."

"Mama! Hiyo mbona imeshapatikana?" Mkubwa akamshika mkono. "Pesa ya kwanza mguu, ya pili fremu. Uzwi, umesikia?"

Uzwi alikuwa amesikia. Aliendelea kupindia, lakini sindano ilimchoma kidole, na si kawaida yake. Fremu! Kukaa ndani, mvua inyeshe huko nje kwa wenyewe. Ubao wa bei. Kioo kirefu, mteja ajitazame mpaka miguuni. Alikuwa hajawahi kusema kwa mtu yeyote kwamba anakitaka kitu hicho, na sasa kimesemwa kwa sauti, tena mbele ya dalali.

*

Wiki iliyofuata dalali alirudi na lawama.

"Mkubwa, wateja wanajua kusoma. Ninaleta mtu na pesa zake, anafika anakuta nyumba haiuzwi. Anadhani kuna kesi, kuna mjomba amejificha na panga. Futa hilo."

Mkubwa akaja na ndoo ya chokaa na shati la zamani. Baba yao alitumia rangi ya mafuta ya mabango, rangi isiyokubali kufa kirahisi. Mkubwa akipaka, herufi zinachungulia. Akipaka tena, zinachungulia kwa aibu kidogo. Jasho likamtoka mtoto wa watu, kazi ya mikono aliiacha alipopata ya kiti.

"Harufu gani hiyo?" Mama aliuliza kutoka ndani.

"Chokaa, Mama," Uzwi akamjibu.

"Kuna harusi?"

"Kuna wageni."

Ukuta ukawa mweupe kama jino la bandia. Wateja wa Uzwi wakaanza kupotea. Walizoea kuelekezana kwa neno lile; mmoja alipita mbele ya pua yake na gauni mkononi, akaenda mpaka mwisho wa kichochoro, akarudi anauliza, "Shangazi, kwani Uzwi amehama?"

"Hajahama," alisema Uzwi. "Amepakwa."

*

Hatimaye akaja mnunuzi wa kweli. Mtaa wote ulishamwita Mwekezaji kabla hajashuka garini. Kijana, viatu bila soksi, suruali imekatika juu ya kifundo kama aliikimbilia utotoni ikamwacha. Alikuwa na mpiga picha wake, anamfuata kama kivuli chenye mkoba.

Alishuka, akautazama ukuta, akazunguka kona, akautazama upande wa pili, akarudi. Uso ukamshuka.

"Maandishi yako wapi?"

Mkubwa akatabasamu. "Tumeyatoa, bosi. Nyumba safi sasa. Haina kesi."

"Mmeyatoa?" Akamgeukia dalali. "Picha uliyonitumia ilikuwa na maandishi. Kona ziko nyingi mji huu. Nimekuja kwa ajili ya ule ukuta."

Aliingia ndani akiwa amenuna. Vyumba hakuvitazama, aligonga kuta kwa vidole kama daktari anayegonga mgongo wa mtoto. Sebuleni akasimama mbele ya kitanda cha chuma cha Mama, chenye vichwa vya duara vilivyong'arishwa na mikono ya miaka. Uso ukamchangamka kidogo.

"Hiki cha zamani kweli. Kinauzwa?"

"Pamoja na mimi?" aliuliza Mama.

Hapo ndipo kijana alipomwona. Akaomba radhi, na radhi ilikuwa ya kweli, lakini Mama alishausogeza mguu mgonjwa kwa mikono miwili, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Barazani mazungumzo yakawa ya chini chini. Uzwi alikuwa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni watu humhesabu kuwa ni kiziwi. Alimsikia Mwekezaji akitaja bei mpya. Alimsikia dalali akivuta pumzi. Alimsikia Mkubwa akisema, "Bosi, hiyo si bei, hiyo ni pole ya msiba." Bei ile ingetosha mguu, pengine. Fremu ilikuwa imeshadondoka humo njiani.

"Yanaweza kurudi!" Mkubwa alipiga kelele ghafla. "Maandishi! Dada yangu huyu hapa, baba alimfundisha. Alikuwa anamshikia uzi wa chaki wa kupigia mistari. Uzwi, si unaweza?"

Wote wakamgeukia. Uzwi akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa begani. Hakuona sababu ya haraka.

"Naweza. Lakini kwa nini yarudi?"

"Kwa sababu ni ya kweli, anti," alisema Mwekezaji. "Yana ukweli ndani yake."

"Hayana. Yanasema haiuzwi, na wewe unanunua."

Kijana akacheka mpaka akamshika mpiga picha bega. "Mmemsikia? Haya ndiyo ninayoyataka! Haya haya!"

"Na mimi nitapata nini?" Uzwi akauliza.

Kikohozi cha Mkubwa kikaja mbio, kikachelewa. Mwekezaji alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka barabarani. Akainua mikono yake miwili mbele ya uso, vidole vimetengeneza pembe, jicho moja amefumba, akawa anapima mahali palipo mlango. Uzwi aliwaona mafundi wengi maishani mwake wakipima mlango, kila mmoja na mtindo wake.

"Nitakuwekea fremu yako hapa hapa, anti," alisema kijana. "Hapa mlangoni kabisa. Kila anayeingia akuone wewe kwanza."

Moyo wa Uzwi ukapiga kama mashine iliyokanyagwa pedali ghafla. "Fremu? Hapa?"

"Hapa hapa. Neno langu."

"Amesema fremu?" sauti ya Mama ikatoka dirishani.

"Amesema, Mama!" Mkubwa akajibu kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mlangoni?"

"Mlangoni!"

"Mungu amzidishie huyo mtoto. Mpeni hata maji."

*

Uzwi alipanda ngazi ya baba yake na brashi ya baba yake, ile ya nywele ndefu aliyokuwa anailaza kwenye mafuta kama mwana mchanga. Chini walikusanyika watu na simu zao. Mkubwa alikuwa ameshika ngazi, na kushika ngazi kukampa wazo.

"Sasa wewe pima vizuri," alimnong'oneza. "Punguza herufi, neno liingie lote upande mmoja. Tusirudie aibu ya mzee."

"Hapana, hapana!" Mwekezaji akaruka. "Kosa libaki! Kosa ndilo lenye pesa."

Mkubwa akaikaza ngazi mikononi. Miaka yote amelionea haya kosa lile, watoto wa shule wakimwita kaka wa Uzwi, na leo anaambiwa kumbe lilikuwa mali. Mtu utajuaje?

Basi Uzwi akaandika kwa makusudi kile ambacho baba yake alikiandika kwa hasira. Chini ya chokaa aliweza kuhisi mikwaruzo ya zamani kwa ncha ya kidole, akaifuata. Kwenye N aliuona mkono wa mzee ukitetemeka, naye akatetemesha. Alipofika kwenye ile I ya pembeni kabisa, pale ukuta unapokwisha, akasimama kidogo. Mpiga picha akampiga picha kutoka nyuma, brashi iko juu.

Mteja wake mmoja, mama muuza mboga, alipita chini na beseni kichwani. "Uzwi! Kumbe mmekataa kuuza? Hongereni! Wakomesheni!"

"Tunauza," alijibu Uzwi kutoka juu. "Ndiyo maana naandika."

Mama muuza mboga alisimama akalifikiria jambo hilo, akaona halimfai, akaendelea na safari.

Alipomaliza pande zote mbili, Mwekezaji alirudi nyuma, akatikisa kichwa. "Nzuri sana. Lakini mpya mno, anti. Izeeshe."

Akaletewa msasa. Akapanda tena, akaanza kukwangua kazi yake mwenyewe, vumbi jekundu likimwangukia machoni na kwenye meno. Mkono ulimuuma wiki nzima. Malipo hakudai. Mwenye fremu hagombanii kibarua.

Wiki hiyo hiyo watu wakatia sahihi, na nyumba isiyouzwa ikauzwa kwa bei nzuri.

*

Mkubwa alijenga mbali, kule ambako barabara ikifika inajuta. Nyumba ilikuwa na vyumba vya kutosha, na nyuma yake kimoja cha pembeni, kando ya tangi la maji. Hicho ndicho walichokaa Mama na Uzwi, wakiwa na kitanda cha chuma, cherehani, na picha ya baba, ambayo wifi alisema haiendani na rangi ya sebule yake.

Mguu wa Mama ulinunuliwa gari. Ndivyo Mkubwa alivyoeleza: mgonjwa hapelekwi hospitali kwa miguu ya watu, kwanza gari. Gari likapatikana, jeusi, linang'aa. Siku ya miadi gari likawa na safari. Miadi ya pili, wifi alikuwa na shughuli ya shoga yake. Halafu daktari mmoja, rafiki wa Mkubwa, akasema kwenye simu kwamba mifupa ya umri ule ni bora iachwe ipumzike. Mama akasema sawa. Macho nayo yakaanza kumwingia ukungu, akawa anawajua watu kwa kukanyaga kwao, na Uzwi kwa mlio wa mashine.

Lakini mashine huko ingelia kwa ajili ya nani? Majirani walikuwa kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu. Uzwi alishona mapazia ya wifi, akashona foronya za wifi, akaambiwa asante wifi. Siku moja akamfuata kaka yake uani, anaosha gari.

"Kaka, ile pesa ya pili."

"Pesa gani ya pili?"

"Ya kwanza mguu, ya pili fremu. Ulisema mbele ya Mama."

Mkubwa akakamua kitambaa taratibu. "Lakini dada yangu, fremu si umepewa na Mwekezaji? Tena pale pale, kwenye kona! Watu wanaitafuta ile kona kwa udi na uvumba. Sasa wewe unataka fremu ngapi? Mungu akikupa moja, mshukuru, mwachie mwenzio na yeye apumue."

Uzwi akafikiri, akaona kaka yake kasema kweli. Kupewa mbili kungekuwa ulafi. Alirudi chumbani akampaka Mama mafuta kwenye goti, akamweleza jengo la Mwekezaji pale kwenye kona limefika wapi, ingawa alikuwa hajaliona. Alilijenga mwenyewe kwa maneno, ghorofa baada ya ghorofa, na chini, pembeni mwa mlango, fremu yake.

*

Siku ya ufunguzi aliijua kwa mama muuza mboga, aliyempigia simu. Uzwi alivaa gauni alilojishonea kwa siku hiyo, kola ya kusimama, vifungo alivyovificha tangu ujana. Cherehani aliifuta kwa mafuta mpaka maandishi ya dhahabu shingoni yakarudi. Ilipanda basi kama abiria, ikalipiwa kiti chake. Kituoni akakodi mkokoteni kwa pesa iliyobaki. Nauli ya kuirudisha hakuiweka. Ya nini, ilhali mashine haikuwa na safari ya kurudi?

"Unahamia wapi, dada?" aliuliza mwenye mkokoteni, mtu mzima, kiatu kimoja kimefungwa kamba.

"Kwenye kona. Nina fremu pale."

"Pale penye taa? Wewe mtu mkubwa basi!"

"Mtu wa kawaida tu," alisema Uzwi, lakini alitembea mbele ya mkokoteni, si nyuma.

Jengo lilikuwa refu, kioo kitupu. Chini, kama jino la bibi lililoachwa katikati ya meno mapya, walikuwa wameubakiza ukuta wa zamani wa upande wa barabara kubwa, umefunikwa kwa kioo na kumulikwa kwa taa mchana kweupe: NYUMBA HII HAI. Uzwi akazunguka kona kutafuta kilichobaki. Upande wa kichochoro haukuwepo. Baraza haikuwepo. Palikuwa na mlango mpana wa kuingizia magari chini ya ardhi. Juu ya jengo lote, kwa herufi za taa, waliandika jina la mkahawa: HAI.

"Wenye mizigo mlango wa nyuma," alisema mlinzi.

"Mimi si mzigo. Mimi Uzwi. Nina fremu hapa."

Mlinzi akamtazama yeye, akautazama mkokoteni, akaenda kuuliza ndani. Mwekezaji akatoka mbio, mikono wazi, akamkumbatia mbele ya wageni wenye glasi.

"Anti! Umekuja! Jamani, huyu ndiye yeye! Ndiye mwenye mkono!"

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akamwomba wapige picha pamoja. Uzwi akatabasamu, akatafuta kwa macho: kushoto kwa mlango meza, kulia kwa mlango meza, hakuna penye kufuli.

"Fremu yangu iko wapi, mwanangu?"

"Njoo, njoo uione. Nilikwambia, hapa mlangoni kabisa."

Ilikuwa ukutani, usawa wa macho. Fremu nyeusi, nzuri, isiyo na mchwa. Ndani yake mwanamke aliyepigwa picha kutoka nyuma, juu ya ngazi, brashi mkononi, kisigino cha kandambili kimelika upande mmoja. Uso hauonekani.

"Umeona?" alisema kijana. "Kila anayeingia anakuona wewe kwanza."

Uzwi aliitazama kwa muda mrefu, mpaka mhudumu mwenye sinia akalazimika kumzunguka. Kijana alikuwa anamtazama kwa macho manyofu kabisa, anasubiri furaha yake. Hakuna aliyesema uongo. Angedanganywa, angekuwa na mtu wa kumtukana.

"Mimi nilidhani fremu ya duka," alisema kwa sauti ndogo.

"Ya nini, anti?"

"Ya duka. Ya kushonea."

Kijana akacheka, kisha akaona yeye hacheki, akaacha. Akageuka akauona mkokoteni nje na cherehani imefungwa kamba juu yake. Aibu ikamshika. "Lo. Anti. Kweli? Lakini hapa nafasi zote… zimeshapangishwa kabla hata…" Akapapasa mifukoni kama mtu anayetafuta funguo. "Kunywa basi kitu. Chochote unachotaka. Ni juu yetu."

"Basi nipe hiyo niende nayo," Uzwi akaonyesha picha. "Si umesema yangu?"

"Hiyo?" Akaangalia wageni. "Hiyo ni ya ukutani, anti. Imepangwa na ukuta mzima. Nitakutengenezea nakala ndogo. Niachie namba yako."

Mlinzi alikuwa amefika tena, anasema kwa upole kwamba mkokoteni umeziba njia ya magari.

*

Walisimama kwenye kivuli cha duka la baiskeli. Mwenye mkokoteni alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo na alikuwa na adabu ya kutouliza. Akafungua kamba, akaifunga tena, bila sababu.

"Turudi kituoni, dada?"

"Sina ya kukulipa ya kurudi. Wala nauli ya hii."

"Aa." Akaipapasa cherehani shingoni, pale penye dhahabu. "Mke wangu anashona kwa mkono. Macho yanaisha." Akatazama pembeni. "Sijui… hii haiuzwi, au?"

Uzwi akacheka, kicheko kilichowageuza wanywa kahawa kwenye viti vyao.

"Kaka yangu," alisema, "ile iliyoandikwa ukutani haiuzwi, imeuzwa, tena nimeiandika mimi mwenyewe. Seuze hii isiyoandikwa kitu. Utanipa ngapi?"

*

Mama aliisikia miguu yake kabla hajafika kwenye tangi.

"Umerudi, mwanangu? Njoo uniambie. Wamekupa fremu?"

Uzwi akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu. "Wamenipa, Mama."

"Iko mlangoni kama alivyosema?"

"Mlangoni kabisa. Kila anayeingia ananiona mimi kwanza."

"Ina kioo?"

"Ina kioo. Kizuri."

"Na watu wamekuja?"

"Wamejaa, Mama. Wamenipigia makofi."

Mama akafumba macho, akavuta shuka, uso umemlainika kama wa mtu aliyelipwa deni lake lote. Kisha akafumbua tena, akageuza sikio kwenye kona ya chumba.

"Mbona umeingia mkono mtupu? Mashine iko wapi?"

"Nimeiacha huko huko kazini."

"Ndiyo, vizuri. Utaihangaisha ya nini kila siku." Akaitafuta mikono ya binti yake, akaipata, akaishika. "Lakini mlango umefunga vizuri? Mji ule umejaa wezi."

"Nimefunga, Mama."